Atomi ya Shaba ya Rabia

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, Rabia binti Sumaili aliweka atomi ya shaba, mfano wake wa mtihani, juu ya meza ya mwalimu Kalaba, katika darasa la tatu la sekondari, mtaa wa Bel-Air. Kiini kilikuwa donge la udongo wa kichuguu. Kukizunguka palikuwa na duara nne za waya zilizobeba vijidonge ishirini na tisa: viwili, vinane, kumi na vinane, na kimoja cha nje peke yake. Waya alipewa na baba yake, fundi wa kusuka upya motere za umeme zilizoungua.

Mwalimu alihesabu kwa ncha ya chaki. Alipofika ishirini na tisa, vijidonge vikaanza kuzunguka.

"Iko inazunguka," alisema Nkandu wa dawati la mbele.

"Elektroni inazungukaka," mwalimu alijibu. "Muandike."

Wakaandika. Kufika saa sita, taa ya darasani ikawa inawaka. Shule haikuwa na umeme tangu mwaka uliopita, mjumbe wa Chama alipoamuru kebo ya shule ing'olewe, ikapeleke umeme nyumbani kwake. Mwalimu alifunga madirisha kuzuia vumbi la barabara, na waliokaa nyuma wakausoma ubao bila kukodoa macho.

Wiki nzima walisoma hivyo. Jumatatu mjumbe akaja na askari wawili.

"Hii waya ilitoka wapi?"

"Mu motere ya pompi yenu ya maji, sitwayeni," Rabia alisema, akimwita "raia" kama Chama kilivyotaka. "Iliungua, mukamuletea baba yangu. Mulimuambia waya ya zamani atupe."

"Shaba yote ya inchi ni ya Leta, ya serikali."

"Na kebo ya masomo, ya hii shule, ni ya nani?"

Mjumbe alifungua daftari. Aliandika kwamba mtoto amekiri waya umeibwa, kisha akamsukumia kalamu. Rabia aliitazama, akaficha mikono mgongoni. Askari mmoja akatia sahihi kwa niaba yake.

"Sitwayeni, huyu mutoto hakuiba," mwalimu alisema.

"Wewe pia unataka kuandikwa?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Atomi ilibebwa ndani ya gunia, ikizunguka humo humo. Njiani wakapitia karakana ya Sumaili, wakamchukua na aproni yake.

Mwezi wa sita alikuja mkaguzi wa mitihani. Rabia hakuwa na cha kuweka mezani, wala nyumbani hapakuwa na kipande cha waya. Askari walikuwa wamefagia karakana. Akachora atomi yake ubaoni kwa chaki, duara nne, elektroni ishirini na tisa. Zilipotimia, zikazunguka. Taa ikawaka.

Mkaguzi alisimama chini ya mwanga ule, akatafuta miwani yake, akasoma kanuni.

"Inazunguka muzuri," alisema. "Lakini hapa banaandika: *mfano wa kushikika*. Huu hauko wa kushikika."

Akamwandikia sifuri kwa wino mwekundu.

Rabia alikwenda kumpelekea baba yake bukari, ugali wa mahindi, kituo cha askari. Walimwambia aiache mlangoni, maana kesi haijapangwa. Aliporudi alipita mbele ya nyumba ya mjumbe. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na taa zote za baraza zilikuwa zinawaka.