Kura ya Wino wa Kijani

Chelangat hakumchukia Abby. Angemchukia ingekuwa afadhali, maana mtu unayemchukia unamkwepa na mambo yanaisha. Wivu haukwepeki. Walilala chumba kimoja, wakapika githeri kwa sufuria moja, na kila asubuhi Chelangat alimtazama mwenzake akitoka bila hata kuchana nywele vizuri, na watu saba wakimwita kabla hajafika getini. Yeye akipita hapo hapo, waliuliza Abby yuko wapi.

Wote wawili walisomea siasa na utawala katika chuo kimoja mjini Nakuru, mwaka wa pili. Kwa alama, Chelangat alikuwa wa kwanza tangu mtihani wa kwanza. Katiba aliijua kwa nambari za vifungu. Abby, binti wa mama mwenye kibanda cha chai kule Mai Mahiu, alikuwa wa kumi na kitu, na madaftari yake yalikuwa kichekesho: yote wino wa kijani, kwa kuwa aliamini tangu kidato cha pili kwamba maneno ya kijani hukaa kichwani. Hayakuwa yanakaa, lakini darasa zima liliijua kalamu hiyo.

Muhula huo ikaja nafasi moja. Bunge la kaunti lingempokea mwanafunzi mmoja kwa miezi mitatu, akae na makarani, aone miswada inavyopikwa. Chelangat aliitaka mpaka usingizi ukamtoroka. Babake, mkulima wa mahindi karibu na Salgaa, alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba msichana wake anaenda bungeni. Mzee hakusema bunge gani, wala hakuulizwa.

Mwalimu wao, Bwana Kihara, angeweza kumtuma mwenye alama za juu, basi. Lakini alikuwa amesimamia vituo vya kura katika chaguzi kuu tatu, na homa hiyo haikuwa imemtoka.

"Mtachagua wenyewe," akasema. "Mnasoma uchaguzi kama mtu anayesoma kuogelea kwa ubao. Ingieni kwa maji."

Kanuni akaziandika ubaoni. Kura ni ya siri, kwa kalamu ya bluu iliyofungwa na kamba ndani ya kibanda. Karatasi yenye alama ya kumtambulisha mpiga kura inakataliwa. Anayepinga kura apinge kabla haijafunguliwa, ili apinge karatasi na si jina lililo ndani. Na wagombea wakitoka sare, mwenye alama za juu ndiye anayeenda.

Hiyo ya mwisho Chelangat aliinakili akaipigia mstari mara mbili. Hakuhitaji kushinda. Sare ilimtosha.

Alijitokeza mwenyewe siku hiyo hiyo. Abby hakujitokeza; walimtaja wenzake akiwa anamenya njugu dawati la nyuma, akacheka, akasema sawa. Hicho kicheko kilimkaa Chelangat kooni wiki nzima. Mtu anapewa kitu ambacho wewe umekililia, na anakipokea huku anamenya njugu!

Basi akafanya hesabu. Darasa lilikuwa na watu thelathini na wawili. Akachukua orodha, akaanza kugawa kwa majina ya ukoo: Kiprotich wake, Kimutai wake, Kiptum wake, Mwaura wa Abby, Wanyoike wa Abby. Alijiambia huo si ukabila, ni takwimu. Akapata kumi na sita kwa kumi na sita, akalala vizuri. Kesho yake akamkuta Kiptum, yule Kiptum wake kabisa, akimbebea Abby mtungi wa maji ngazini. Takwimu zikaharibika.

Siku ya kura kila mmoja aliingia kibandani, ambacho kilikuwa shuka la hosteli limetundikwa pembeni mwa darasa. Chelangat alijipigia kura bila haya wala kusita. Abby aliingia baada yake, akatoka upesi, akaketi.

Kuhesabu kukaanza. Bwana Kihara alitoa karatasi moja moja, akaiinua ikiwa imekunjwa, akauliza, "Kuna pingamizi?" kisha akaifungua na kusoma. Abby. Chelangat. Chelangat. Abby. Walipofika tisa kwa nane, Abby akiwa mbele, mwalimu akainua karatasi ambayo wino ulikuwa umepenya hadi nje. Wino wa kijani.

Moyo wa Chelangat ukaruka kwa furaha mbaya, ile ya kumkuta mtu kwenye kosa. Abby alikuwa amesahau kalamu ya kamba, akatumia yake kwa mazoea. Kura ya Abby, amejipigia! Ikitoka hii, tofauti inapungua.

"Napinga," akasema, amesimama tayari. "Wino si wa bluu, na kila mtu hapa anajua ni wa nani. Hiyo ni alama ya kumtambulisha mpiga kura. Kanuni ya pili."

"Aki Chela," mtu akanung'unika nyuma.

Abby aliitazama kalamu yake. Bwana Kihara akamgeukia Chelangat. "Una uhakika unataka kupinga?"

"Nina uhakika, mwalimu."

"Imekataliwa." Akaiweka kando bila kuifungua.

Zilizobaki zikasomwa. Mwisho wake, Abby kumi na sita, Chelangat kumi na tano. Watu wakapiga meza. Chelangat alibaki akitazama ubao. Kura moja. Sare ilimpita kwa kura moja tu.

"Iliyokataliwa lazima nayo tuiandike kwa fomu," akasema mwalimu, akaikunjua. Akaigeuza waione.

Tiki ya kijani ilikuwa mbele ya jina la Chelangat.

Hapo ndipo akakumbuka. Mwezi uliopita walipojadili utamaduni wa siasa, Abby alisimulia kwamba kanisani kwao ukipendekezwa kuwa kiongozi wa akina mama hujinyoshei mkono; unamnyoshea mwenzako. Ukijichagua, wanakuona kama umejipakulia nyama ukiwa mgeni. Darasa likacheka. Chelangat aliandika maneno hayo kwa daftari, na pembeni akaongeza: mfano mzuri kwa mtihani.

"Mwalimu, si turudishe tu hiyo kura?" Kiptum akauliza. "Inakuwa sare, Chela anaenda."

"Mimi niko sawa kabisa," akasema Abby. "Makosa ni yangu, nilishika kalamu bila kufikiria. Na kusema ukweli, hiyo kazi ni yake. Mimi hata miswada inanipea usingizi."

Darasa zima likamgeukia Chelangat.

"Wewe ndiye umenisomea kanuni," akasema Bwana Kihara, bila ukali. "Nisomee tena. Kura ikishakataliwa?"

Angalau hilo alilijua vizuri. "Haihesabiwi," akasema.

"Basi njoo utie sahihi. Fomu inataka jina la aliyepinga."

Akatembea hadi mbele. Kalamu ya bluu ilikuwa bado kwenye kamba nyuma ya shuka, na yake aliiacha kwenye dawati. Alisimama hapo akijipapasa mifuko, mpaka mkono ukanyoshwa kutoka dawati la karibu. Ilikuwa ile kalamu ya kijani.

"Shika, Chela," akasema Abby. "Na pole."

Alisema pole na alimaanisha pole. Chelangat alimkagua uso akitafuta hata chembe ya kejeli, akaikosa, na wivu ukamchoma kuliko siku zote. Huyu aliweza kumpigia mwenzake kura bila kuumwa popote. Yeye, hata wangempa kura zote thelathini na mbili, hilo asingeliweza.

Akaandika jina lake lote kwa wino wa kijani, akamrudishia kalamu yake.