Buibui Wangu na Asubuhi ya Baba

Mwaka wa 2006 nilikuwa mwalimu wa bayolojia Kitale, na stoo ya nyumba yangu kule Matisi ilijaa chupa za buibui. Majirani walinicheka, nami nikawaacha wacheke. Nilitaka kujua buibui anajuaje saa ya kutoka kusuka utando. Nikiwasha taa asubuhi na kuizima jioni, walitoka giza likiingia. Nilipowaacha gizani moja kwa moja, bado walitoka, ila kila siku mapema kidogo kuliko jana, hadi wakawa wanasuka mchana kweupe. Saa wanayo mwilini. Mwanga ndio huirekebisha.

Kisha ndugu yangu Wangila akapiga simu kutoka Bungoma, sauti imemkauka. Baba yetu, mzee Wabwile, alikuwa amepofuka macho yote mawili, hata jua halioni. Alikuwa ameamka, akavaa koti, akaenda kubisha kwa jirani yake Wekoye kumjulia hali, kama alivyofanya kila asubuhi. Kumbe ilikuwa usiku wa manane. Kwetu anayebisha milango saa hizo ana jina moja tu, mchawi. Vijana wakaja na mafuta ya taa, wakampa baba mpaka Jumapili awe amehama, la sivyo wamchomee ndani.

Nilifika nikiwaka hasira. Nikawaeleza habari ya buibui na giza. Wekoye, mtu aliyekula ugali wetu miaka yote, akasema mtoto wa mchawi hakosi maneno. Hata Wangila aliangalia chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamchukua baba, tukaja Kitale.

Siku moja aliamka jua likizama, akaniamkia habari ya asubuhi. Roho iliniuma. Nikamketisha mlangoni pa stoo, nikamweleza yote: si pepo wala laana, ni mwili kukosa mwanga wa kuurudisha kwenye saa yake. Akapapasa chupa moja, akauliza:

“Hao wadudu ukiwarudishia taa, inakuwaje?”

“Wanarudi sawa, baba.”

“Na mimi utaniwashia gani?”

Nilimshika mkono nikalia, naye akanipapasa bega kama mimi ndiye mgonjwa.

“Basi giza likiingia, Viola, uwe unanifungia mlango kwa nje,” akasema. “Hata hapa si kuna majirani.”