Mosi Alipogeuzwa Mtoto

Mosi alikuwa mama wa binti mmoja na muuza karoti za Mgeta pale Mwembesongo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, ila urefu Mungu hakumpa. Wateja wageni humuuliza mama yake yuko wapi. Naye huwajibu kwamba mama ameenda msalani, wasubiri.

Mtaani kwao jirani mmoja, Stambuli, alikuwa na kibanda umiza, chumba cha mabati ambamo watu hulipa kutazama mpira na sinema. Ikajulikana kwamba watoto wanatoroka shule na kutazama humo picha zisizowafaa. Raya, binti yake Mosi, alikuwa mmoja wao. Mkutano wa mtaa ulipoitwa, Mosi alipanda juu ya benchi ili aonekane, akasema watoto wapigwe marufuku. Mtendaji wa mtaa, Kasiani, kijana aliyehamishiwa ofisi hiyo karibuni, akaongeza lake: atakayekutwa humo bila kitambulisho atahesabiwa mtoto, na atakaa mikononi mwake mpaka mlezi aje. Watu wakapiga makofi. Mosi naye alipiga.

Jumamosi kukawa na mechi. Mosi alikuwa benchi la mbele, kwa kuwa nyuma haoni, Kasiani alipoingia na mgambo.

"Wewe binti, simama. Kitambulisho?"

"Kipo nyumbani. Na mimi si binti, nina binti."

"Wote husema hivyo."

Stambuli alitaka kumtetea, akaambiwa anyamaze asije akafungiwa biashara. Wanaume ambao Mosi hukaa nao kila wiki wakaendelea kuikodolea macho televisheni. Hakuna mwingine aliyeulizwa chochote, na hilo lilimuuma Mosi kuliko kushikwa mkono. Njiani nusura alie. Walipofika ofisini, Kasiani akamuuliza mlezi wake ni nani, na hapo Mosi akajiwa na wazo jingine.

"Ni mama, yuko Mgeta. Simu yake haishiki."

"Basi nenda nyumbani, Jumatatu uje naye," alisema Kasiani, ambaye alitaka kufunga ofisi.

"Siwezi, baba. Ulisema mwenyewe nikae mikononi mwako. Ukiniacha barabarani nikapatwa na jambo, ataulizwa nani?"

Mgambo akageukia ukutani, mabega yakimcheza.

Ndivyo Mosi alivyopelekwa Bigwa, nyumbani kwa mtendaji. Mlangoni walipokewa na Yuliana, mke wa Kasiani, mteja wa karoti wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama," alisema Mosi, aliyemzidi Yuliana miaka kumi.

Yuliana alimtazama, akamsikiliza mumewe akieleza habari za mtoto huyu asiye na kitambulisho, akaelewa.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mosi alikula kipande kikubwa cha samaki, akisema mtoto anahitaji kukua. Kasiani alipomwambia atoe vyombo, aliuliza kama kumtumikisha mtoto si kosa. Yuliana akasema ni kosa, akamkabidhi mumewe masufuria.

Jua lilipokaribia kuzama Raya, aliyeelekezwa na mgambo, akabisha hodi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alimpita mama yake kwa kichwa kizima.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kumchukua mama."

Kasiani alisimama na sufuria mkononi.

"Huyo hawezi kunichukua," alisema Mosi kutoka kwenye kochi. "Mtoto hawi mlezi."

Yuliana akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Baba, huyu ni Mama Raya. Karoti unazokula hapa ni zake."

"Mbona hukuniambia?" Kasiani alimuuliza Mosi.

"Nilikuambia pale kibandani. Hukutaka kusikia."

Kasiani akaketi. Akaomba radhi, kisha akasema lililokuwa moyoni. "Nimewaona wale watoto wakitoka mle. Nilijiambia, nikikosea, heri mtu mzima akose mpira kuliko mtoto aharibike."

"Watoto wazuie, wangu awe wa kwanza," alijibu Mosi. "Lakini mimi usinikamate kwa kunitazama tu. Niulize. Nikisema nimesahau kitambulisho, waulize wanaonijua. Na uwaulize wote, hata wenye ndevu."

Mkutano uliofuata ulibakiza marufuku ya watoto ila ukafuta habari ya kukamata watu. Kazi ya kuuliza mlangoni ikaachwa kwa Stambuli. Kasiani mwenyewe ndiye aliyeleta hoja, na Yuliana alikaa mstari wa mbele kuhakikisha.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka mkutanoni, Raya akauliza, "Kwa hiyo sasa hawakamati tena?"

"Hawakamati."

"Na Stambuli huwa anaangalia urefu tu."

Mosi akasimama katikati ya njia, akamtazama binti yake kutoka chini mpaka juu, safari ndefu kidogo. Raya akaanza kuhesabu mawingu.

Mechi iliyofuata Mosi hakukaa benchi la mbele. Alichukua kigoda, akaketi mlangoni kwa Stambuli, akawa anamuuliza kila aliyeingia umri wake, na goli la kwanza likampita.