Pawa Saplai Ambayo Sikuinua

Nilipiga picha stika ya pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme. Kosa langu lote liko hapo, picha moja ya simu. Ningeinua kile kidude kwa mkono hata sekunde mbili, saa hizi dada yangu angekuwa anaongea na mimi.

Dada anahariri video za harusi. Kompyuta yake ni kuukuu, ilitoka ofisini kwa watu, na video ilikuwa inakwama kila baada ya sekunde tano. Bwana harusi anafungua mdomo, anabaki hivyo hivyo mpaka umalize chai. Basi akanituma nimtafutie kadi ya grafiksi, ile inayoendesha picha, ya bei ndogo, ambayo kompyuta yetu hii kizee itaikubali. Video ilitakiwa Jumamosi. Na harusi yenyewe ilikuwa humo tu, kwenye diski ya kompyuta hiyo, maana mpiga video akishakabidhi anafuta kila kitu kwenye kamera siku hiyo hiyo, aende kazi nyingine. Babu wa bibi harusi alicheza kwenye ile harusi. Wiki iliyofuata wakamzika.

Siku mbili nilikuwa kwenye simu. Nikapima nafasi kwa rula, nikakagua tundu la kadi, nikasoma maoni ya watu mpaka macho yakauma. Halafu nikaenda kwa fundi tunayemwita Mizani, kwa sababu kila kitu kikifika mezani kwake anakipima kwanza kwa kiganja, hata kabla ya salamu.

Akaniwekea kadi mbili za mtumba. "Chukua hii ndogo, mdogo wangu. Inakula umeme wa kwenye bodi tu, haitaki waya wa ziada."

"Na hii kubwa?"

"Ina nguvu mara mbili, ila inakunywa umeme. Pawa saplai yenu wati ngapi?"

Nikamwonyesha ile picha. "Mia tano, fundi. Imeandikwa."

"Hata mimi naweza kujiandika daktari. Umeiinua? Ya kweli nzito, ina vyuma. Ya uongo nyepesi kama mkate."

"Nimeinua."

Sikuinua. Ilifungwa kwa skrubu nne na moja ililika kichwa, bisibisi inateleza tu. Nikajiambia, ya nini kuhangaika. Akaomba nimtumie ile picha aitazame vizuri; nikamtumia, nikabeba ile kubwa.

Ikakaa utadhani imezaliwa humo. Video ikawa laini kama maji. Dada akanipiga kofi la mgongo: "Leo umekuwa mtu."

Ijumaa mchana akamaliza kuhariri, akabonyeza kompyuta ianze kuitoa video nzima. Mimi nikakaa mbele ya skrini kuchunga asilimia, yeye nyuma yangu anakata bahasha zenye sura za maharusi.

Themanini na tisa, feni ikabadilika. Haikupiga kelele. Ilishusha sauti, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu ikaja harufu, kidogo sana, ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Unasikia harufu?" dada akauliza.

"Jirani anapiga pasi."

Simu ikatetemeka mkononi. Mizani ameandika: *Nimeikuza picha yako. Chini ya hiyo stika kuna stika nyingine, pembe inachungulia. Kama hukuinua, zima sasa hivi.*

Tisini na nne. Kuzima ilikuwa kunyoosha mkono tu. Tungepoteza saa tatu, tungeanza upya. Lakini dada angeuliza kwa nini, na mimi ningeanzia wapi? Nyuma yangu mkasi unakata, yeye anaimba chini chini. Nikageuza simu kifudifudi pajani.

Tisini na sita.

Tisini na saba. Ikalia *tap*, kama kidole mezani, na skrini ikawa nyeusi. Mkasi ukanyamaza.

Jioni hiyo Mizani alifungua ile skrubu mbovu kwa koleo, akaipima pawa saplai kiganjani, akaniangalia. "Nyepesi kama mkate," akamwambia dada, "na nilimuuliza kama ameiinua." Umeme mbovu ulikuwa umeipiga diski pia: alipoichomeka kwenye mashine yake haikusomeka, ikaanza kugonga tu. Tk. Tk. Tk. Dada aliinamisha kichwa, anahesabu kama anayesubiri iseme neno.

"Uliinua?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Hapana, dada."

Simu yake ikaita. Bibi harusi. Akaisukuma juu ya meza mpaka kwangu.

"Pokea wewe. Muulize babu yake alicheza vipi."