Mshipi Namba Kumi na Mbili

Damu hutolewa kwa maji baridi. Kila dobi anajua hilo, na Keziah Tidmarsh alikuwa amefua nguo za nyumba ya Lordi Askwell kwa miaka ishirini na miwili, mpaka vidole vyake vikapasuka na kukataa kupona. Lakini mshipi namba kumi na mbili aliutia mwenyewe kwenye maji yanayochemka. Hakujua kuwa una damu, wala ni ya nani. Meza ya karamu ilikuwa bado haijaondolewa, na ilikuwa imeamriwa asiambiwe mpaka wageni wamalize kula.

Sasa, Ijumaa asubuhi, mishipi yote arobaini ilikuwa mbele yake tena, imetolewa kabatini baada ya miaka minane. Ilikuwa mirefu, ya kitani nyeupe, kila mmoja na namba ya uzi mwekundu. Wapangaji wa Lordi huivaa begani siku bwana anapoleta mke. Farasi hufunguliwa chini ya kilima, na wanaume, mmoja kutoka kila nyumba, hulivuta gari la bibi harusi kwa kamba hadi mlango mkubwa, wakishangilia. Nyumba isiyotoa mtu hupata mpangaji mwingine kabla ya Krismasi.

Safari hii bibi harusi alikuwa yule yule. Ledi Lavinia aliletwa kwanza kutoka New York, na utajiri wa reli za baba yake ukaezeka upya nyumba nzima. Kisha Lordi akavunjika shingo akiwinda mbweha, cheo kikaenda kwa binamu yake, na kwa kuwa utajiri ule haukuweza kubaki bila mwenyewe, binamu akamwoa mjane. Jikoni walisema nyumba imemwoa mara mbili. Kichekesho ni kwamba alikuwa humo ndani tangu Jumanne. Kesho wangempitisha njia ya nyuma hadi stesheni, ili ashuke kwenye treni ambayo hakuipanda.

Keziah aliunyoosha mshipi namba kumi na mbili. Doa la kahawia lilikuwa pale pale. Mvuke ulipopanda kutoka kwenye pipa la shaba la kuchemshia nguo alimwona Jabez, mumewe, amesimama nyuma yake kama kawaida, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Alikuwa amemzoea. Hakuwa amezoea kumtazama usoni.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Crale, msimamizi wa mali, akamtangulia Ledi, aliyekuwa amebeba shela yake ya lesi.

"Imechanika kidogo," alisema Ledi. Kisha akamkazia macho. "Wewe ni mke wa yule aliyeanguka."

"Ndiyo, Ledi."

"Nilimwona kupitia dirisha la gari. Nilipiga kelele wasimame. Mume wangu alisema ni michubuko tu, na wiki ile ile tukaondoka kwenda Ufaransa. Nilimpelekea zabibu. Alizipenda?"

Zabibu zilifika siku ya maziko. Mwanawe Amos, wakati huo akiwa na miaka kumi na mmoja, alizila zote, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kula.

Keziah alimtazama Bwana Crale. Bwana Crale alikuwa akitazama saa yake.

"Alizipenda sana, Ledi."

Ledi alishusha pumzi. "Namwota, unajua? Kila nikisikia magurudumu kwenye kokoto. Mara ya kwanza hawakuniuliza kama nataka kuvutwa, na sasa pia hawakuniuliza. Lakini nikimwona mzima, labda nitalala. Bwana Crale, awekwe karibu na dirisha langu la gari."

"Itakuwa hivyo, Ledi."

Ledi alipotoka, Keziah alimshika msimamizi mkono wa koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Bwana Crale, umekubali nini? Jabez yuko kaburini!"

"Wewe ndiye uliyesema alizipenda zabibu."

"Ningesema nini nawe umesimama hapo?"

"Ulisema vizuri. Sasa tumalizie." Akautoa mkono wake. "Amos amefanana na baba yake. Atavaa hiyo kumi na mbili."

"Uliniahidi atavuta mbele! Kumi na mbili iko kando ya gurudumu."

"Mbele hataonekana."

"Basi waacheni farasi wavute kilima tu. Kilima tu, bwana."

"Farasi?" Bwana Crale alicheka kweli. "Lordi wa Askwell aletewe mke na farasi, kama gunia la viazi? Na kesho ukae humu humu. Ledi asije akakuuliza mengine."

Jumamosi asubuhi Amos aliketi kizingitini huku mama yake akigongomea misumari kwenye soli za buti zake.

"Mama, ukiongeza msumari mwingine nitashindwa kuinua mguu."

"Nyamaza. Ukiteleza, achia kamba."

"Nikiachia, Crale ataona, nasi tutalala barabarani." Akautupia mshipi begani. "Mtu akiniita Jabez nitaitika. Kisha nitaenda kilabuni nikanywe na bia yake."

Alicheka peke yake. Keziah alifunga mshipi kwa pini na kuligeuza doa lielekee ndani, lilale kwenye shati. Alitaka kumwambia asiende. Aliutazama ukuta, jiko, kitanda alichomzalia, kisha akaikaza pini. Kosa lilikuwa limeshafanyika jana, kwa maneno matatu ya adabu.

Treni ilipiga honi saa nane. Keziah alikuwa peke yake kwenye chumba cha kufulia. Hakuwasha moto. Alichota maji bombani, ndoo baada ya ndoo, akalijaza beseni kubwa maji baridi mpaka juu.

Bendi ilianza chini ya kilima. Shangwe zikapanda, zikawa karibu, na chini ya shangwe alisikia kokoto. Gari lilikuwa limefika kwenye kona alipoanguka Jabez. Bendi ikanyamaza.

Miaka minane iliyopita pia ilinyamaza hivyo, naye alidhani wanapumzika, akaendelea kupiga pasi.

Ikaanza tena, kwa nguvu zaidi. Watu wakashangilia. Keziah alisimama akiwa ameshika ukingo wa beseni, akingoja kusikia hatua za mtu uani.

Baada ya muda mrefu mhudumu wa mezani aliingia na kapu la mishipi, akaliweka chini bila kumtazama.

"Ichemshe upesi. Lordi anaitaka kwa ajili ya picha ya kesho."

"Amos yuko wapi?"

"Shughuli ni nyingi huko juu, mama."

"Nakuuliza juu ya mwanangu. Yuko wapi Amos?"

Kijana alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Bwana Crale amesema uulize baada ya chakula."

Keziah hakukimbia. Jabez alikuwa amesimama kando ya pipa, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mvuke wa kumficha, naye hakuthubutu kumtazama, asije akakuta uso si wa Jabez. Aliinua kapu kwa mikono miwili, akaimimina mishipi yote kwenye maji baridi bila kutafuta namba, akainama kuyatazama maji.