Hatua Aliyoiagiza Mapema

Chumba cha sataranji kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate, na kwa miaka thelathini na mmoja Nanuli aliwafundisha humo mabinti wa mji wa Kvazuri jinsi ya kumlinda mfalme. Alipokufa, wakubwa wa wilaya walileta shada la maua. Mwaka wa tatu wakaleta barua. Chumba kinatakiwa, kuna mtu anataka kufungua nyumba ya kamari, na kodi yake ni nzuri.

Geronti, mume wa Nanuli, aliisoma barua ile kwa kidole, mstari kwa mstari, maana shule aliiacha darasa la saba akaenda kuendesha winchi mgodini. Alipomaliza aliikunja mara nne.

"Walianza na gari la wagonjwa," alisema. "Sasa wamefika kwenye viti vyake."

Habari ya gari hilo aliijua kila mtu mjini. Wakubwa walikifunga kituo cha magari ya wagonjwa ili kubana matumizi, kana kwamba matumizi yao wenyewe yaliwahi kubanwa, na siku Nanuli aliposhikwa na kifua, gari lilitoka mji wa pili likachukua dakika hamsini. Aliyesimama hadharani kusoma tangazo la kukifunga kituo alikuwa Murman, naibu mkuu wa wilaya. Na Murman huyo alikuwa mmoja wa wavulana wachache waliowahi kukaa mbele ya Nanuli, wakala mikate yake ya mahindi, wakafundishwa naye bure. Geronti hakuwa amemsamehe wala hakuwa na mpango huo.

Tsiala, mwanafunzi wa zamani wa Nanuli, ambaye sasa alikuwa na duka la dawa na ndiye nahodha wa klabu ya sataranji ya chumba hicho, alikwenda ofisini kubembeleza. Alirudi na sharti ambalo huko ofisini lilianza kama mzaha. Timu ya ofisi ya wilaya itacheza na klabu, wanne kwa wanne, mtandaoni, kila mchezaji na dakika zake tatu. Klabu ikishinda, chumba ni chao miaka mitano mingine. Wakifungana au klabu ikishindwa, wafungashe.

"Miaka mitano kwa dakika tatu!" alisema Guliko, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. "Marehemu mume wangu hakuwahi kunipa bei kama hiyo."

"Wewe cheka tu," alisema Tsiala. "Tupo mimi, wewe na Zauri wa tingatinga. Tunamhitaji wa nne."

Wote wakamtazama Geronti.

Tangu abaki peke yake, Geronti alikuwa akicheza kwenye simu michezo arobaini kwa siku, hiyo ya dakika tatu tatu. Na alicheza kwa namna moja tu, ya kutoa kafara. Hatua ya pili keshatoa askari, ya tatu katoa mwingine, ya saba au ya nane anamtoa farasi, na ukizubaa ukamla huyo farasi, mfalme wako kashikwa shingo. Aliwachinja hivyo watu wa Brazili na wa Indonesia ambao hakuwaona wala hawakumwona. Waliotulia walimshinda, lakini ndani ya dakika tatu wanaotulia ni wachache. Nanuli alikuwa akimwambia, "Wewe huchezi, Geronti, unavunja vyombo." Na kweli, kila alipopata askari wa kutoa, alisikia kitu kikilegea kifuani, kama aliyepata mtu wa kumtukana.

"Mjomba, nakuomba kitu kimoja," Tsiala alimwambia asubuhi ya mechi. "Ukipata sare, chukua. Usitafute sifa."

"Mimi na sifa tunajuana wapi?"

"Nakujua. Usivunje vyombo leo."

Jumamosi saa sita mchana waliketi na kompyuta za kuazima, na wale wa ofisini wakaketi kwao, ng'ambo ya barabara. Ukichungulia dirishani unaona mapazia yao. Tsiala alishinda. Zauri akapigwa haraka, akasimama akijilaani kwa maneno ya mgodini. Guliko alimbana karani wa ardhi mpaka saa yake ikamwishia. "Mwambieni akapime viwanja," alisema, akavua miwani.

Mbili kwa moja. Mchezo wa Geronti ulikuwa wa mwisho, na kompyuta ilimpangia Murman.

"Sare inatosha," Tsiala alimnong'oneza. "Umenisikia, mjomba? Sare."

"Nimesikia. Tokeni nje basi, sitaki mtu anipumulie shingoni."

Wakatoka kwenda ukumbini, wakaurudisha mlango.

Geronti alikuwa na kete nyeupe. Alikusudia, kweli alikusudia, kucheza kwa utulivu. Lakini jina la Murman lilikuwa pale juu ya ubao, na mkono ukaenda wenyewe. Akatoa askari. Murman akala. Akatoa wa pili. Murman akala tena.

"Kula," Geronti alisema kwa sauti. "Kula, mwanangu. Ndiyo kazi yenu."

Hakuwa na hali mbaya. Farasi wake wawili walikuwa wametoka, na askofu wake alimkodolea macho mfalme mweusi. Murman akamleta askofu wake pembeni, akambana farasi wa Geronti. Farasi huyo akiondoka tu, malkia wa Geronti analiwa.

Hapo ndipo pembeni mwa skrini kilipotokea kiboksi kidogo. Mpinzani wako anaomba sare.

Geronti aliyasoma maneno hayo bila kidole. Saa yake ilionyesha dakika moja na sekunde arobaini. Alielewa mara moja, wala hakuweza kujidanganya baadaye kwamba hakuelewa. Murman alikuwa amezidi askari, hakuwa na shida yoyote. Mtu wa namna hiyo haombi sare kwa woga. Alikuwa anawaachia chumba, kimya kimya, bila wenzake wa ofisini kujua. Kubonyeza mara moja tu, na viti vya Nanuli vinabaki mahali pake.

Na hicho ndicho kilichomchoma. Kwamba hata hili wampe wao. Watie sahihi ya kuua kituo, kisha wakugawie chumba cha mkeo mwenyewe kama kifurushi cha Pasaka. Alitaka kukichukua mwenyewe. Alitaka Murman asimame mbele ya wakubwa wenzake akiwa amepigwa na mwendesha winchi.

Akabonyeza kataa.

Kisha akamrusha farasi aliyebanwa mpaka katikati ya ubao, akamwacha malkia wazi. Mtego wenyewe ulikuwa wa zamani, na kwenye simu ulimpa ushindi mara mia. Mla malkia ana hatua mbili za kuishi: askofu anamgonga mfalme, anatoka, farasi wa pili anamfunga, basi.

Wachezaji wa dakika tatu wana kitu ambacho wa ubao wa mbao hawana. Unaweza kuiagiza hatua yako kabla mwenzako hajacheza, na akicheza tu, ya kwako inakwenda papo hapo, hupotezi hata nukta. Ila ukishaagiza, akicheza kitu kingine, imekula kwako. Geronti alimwagiza askofu wake. Hakufikiri mara mbili. Lini watu hawa waliona kitu mezani wakakiacha?

Murman hakumla malkia. Alimla farasi, taratibu.

Askofu wa Geronti akaondoka mwenyewe, kama alivyoagizwa, akajigonga mbele ya mfalme mweusi. Mfalme akamla. Geronti alikuwa bado ameinua kidole. Farasi kaliwa, askofu kaliwa, na malkia bado yuko mdomoni mwa adui. Alicheza hatua kumi zaidi kwa sababu hakujua namna ya kuwaita wale walioko ukumbini.

Jumatatu walishusha meza. Murman alikuja kuchukua ufunguo, akiwa amevaa koti la kazini. Guliko alimvamia mlangoni.

"Umeshiba, Murman? Au tukuongezee na mapazia?"

Murman alimtazama Geronti. Geronti alitazama sakafu. Neno moja tu lilitosha kumsafisha yule mtu, na mwenye neno hilo alikuwa mmoja, lakini Murman hakulidai. Alivua koti, akashika upande mmoja wa kabati la vitabu, akamwambia Zauri, "Taratibu kwenye kona, kuna ngazi imevunjika." Wakashuka. Guliko akashuka nyuma yao akiendelea kutukana.

"Mwizi na bado ana uso wa kubeba kabati," alisema Tsiala. Alikuwa amepiga magoti, anafunga saa za mchezo kwenye magazeti. "Na wewe usijilaumu, mjomba. Ulipigana. Mwalimu angekuonea fahari."

Jumamosi jioni na Jumapili nzima walimwambia hivyo, na yeye aliitikia. Hili la Nanuli hakuweza kuliitikia.

"Aliniomba sare," alisema.

"Nani?"

"Murman. Ilitokea kwenye skrini. Nikaikataa."

Mikono ya Tsiala ilisimama juu ya gazeti. "Kabla ya kumwacha malkia, au baada?"

"Kabla."

"Ulikuwa na muda gani?"

"Dakika moja na sekunde arobaini."

"Labda kidole kiliteleza."

"Hakikuteleza."

Tsiala aliinama, akaifunga saa aliyoishika, akaiweka sandukuni pamoja na nyingine. Akasema bila kumtazama.

"Guliko bado anamtukana huko chini. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Geronti alishuka akishikilia ukuta. Barabarani Murman na Zauri walikuwa wanalilaza kabati kwenye gari, na watu wa foleni ya mkate walikuwa wamegeuka kumsikiliza Guliko, wengine wanamsaidia. Mmoja akamwona Geronti, akamsogezea nafasi kwa heshima, kama mfiwa.

"Guliko," akaita. Hakusikika. Akaita tena, kwa sauti. "Guliko, mwache huyo. Nyamaza kidogo, nina la kusema."