Blanketi Lililohamia kwa Mashine

Binti alifika wodini na supu ya moto ndani ya chupa ya chai. Akavuta kiti kilichokuwa kando ya kitanda cha mama yake, akamimina supu kwenye bakuli, ndipo akaona kijiko hakipo. Akainama kutazama uvunguni. Hakikuwapo.

"Kimeondolewa," alisema muuguzi huku akitandika kitanda cha pili kilichokuwa kitupu. "Mashine imesema kesho mama yako atasahau kukitumia."

"Kesho ndiyo kesho. Leo je?"

"Dada, tunajiandaa mapema. Ndiyo faida yake."

Kesho yake binti alikuja na kijiko cha nyumbani. Mama, fundi wa nguo aliyewavisha maharusi wa mtaa mzima, akakigeuzageuza kama kitu cha kuokota. Mtaalamu wa mashine, bwana mnadhifu ambaye wauguzi walimwita Bwana Kesho, akaandika kwamba utabiri umetimia.

Bangili mkononi mwa mama ilipeleka kila kitu kwenye mashine: usingizi, mapigo ya moyo, maneno aliyosema na yale yaliyomkwama. Binti aliukubali mpango huo kwa mikono miwili. Aliambiwa kwamba ugonjwa huu wa kusahau ukijulikana unakoelekea, mgonjwa atasaidiwa kabla hajaanguka. Kumbe msaada wenyewe ulikuwa kumpokonya.

Mashine ikasema atasahau kutembea, viatu vikachukuliwa. Ikasema atasahau wimbo aliopenda kuuimba akishona, redio ikaondoka. Kila kilichotabiriwa kilitimia, na kila kilichomtoka mama kilihamia kwenye mashine. Ilianza kwa kuimba ule wimbo. Halafu ikanukia mafuta ya cherehani. Halafu ikadai supu, na ndimu iwe nyingi. Mfanya usafi akazoea kuiamkia shikamoo, nayo ikamwitikia marahaba na kumwuliza hali ya watoto.

Mashine ilihitaji chumba chenye kiyoyozi. Wakakitwaa kile alicholazwa mama, maana utabiri ulisema hatatofautisha tena chumba na korido. Kitanda chake kikawekwa koridoni, karibu na mlango usiofungika vizuri, na kiti kikamfuata.

Binti alichemka. Alimkuta Bwana Kesho mbele ya skrini yake.

"Mama yangu umemweka kwenye upepo kama gunia!"

"Hatakumbuka, dada."

"Mimi sisemi habari za kukumbuka. Nasema anasikia baridi, sasa hivi, na wewe una macho!"

Bwana Kesho alitazama skrini, si korido. "Kuhusu baridi," alisema kwa upole, "karibuni atasahau kuomba blanketi."

Blanketi lile mama alilishona mwenyewe kwa viraka vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Likaondolewa mapema, kama kawaida. Mama hakuliomba. Mashine ndiyo iliyolalamika kwamba kiyoyozi kinaitoboa mifupa, na kwa kuwa mashine ilikuwa kitu cha thamani, wakaifunika kwa blanketi hilohilo, wakiacha wazi matundu yake ya kupumulia.

Binti aliingia mle chumbani amekunja ngumi.

"Mwanangu," ilisema mashine, "mbona umekonda? Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mama, kila kitu chake. Huku koridoni mama alikuwa akimwita binti "wewe" tu, siku alizomwita. Hasira ilimjaa binti pamoja na mapenzi, hata hakujua analilia kipi.

"Nimekula, mama."

"Basi litoe blanketi hili, mpe yule bibi wa koridoni. Anatetemeka tangu asubuhi. Kwani yule hana watoto?"

Binti alilivuta blanketi, akatoka, akamfunika mama mpaka kidevuni, akakaa kwenye kiti na kumshika mkono.

Bwana Kesho akaja na muuguzi. "Nani kaamuru hili?"

"Mashine yako."

"Mashine inatabiri tu, dada. Haiamuru." Akalitoa blanketi taratibu, akalikung'uta, akampa muuguzi alirudishe chumbani. Binti akavua sweta lake, akamfunika mama nalo. Bwana Kesho hakulipinga sweta. Alishika mgongo wa kiti.

"Na hiki tutakihitaji."

"Nimekikalia, huoni?"

"Utabiri unasema kesho utaacha kuja."

Binti akamtukana tusi ambalo mama hakuwahi kumfundisha, na hakuinuka. Muuguzi alipotoka chumbani, yeye na Bwana Kesho wakasaidiana, mmoja huku, mwingine kule, wakakivuta kiti kikatoka.

Binti akabaki ameketi palepale hewani, magoti sawa na kitanda, mkono wa mama mkononi mwake. Mfanya usafi akaomba radhi, akapitisha fagio chini yake. Chumbani mashine ilikuwa ikiomba kwa sauti ya juu blanketi lipelekwe kwa yule bibi. Bwana Kesho akaufunga mlango wa chumba hicho kelele zisisumbue wagonjwa, akatazama mahali kiti kilipokuwa, si binti, akaandika kwamba utabiri umetimia.